Gurudumu la Sebuleni

Lori lililoniangusha halikunigusa. Nikisema hivyo watu wengi hawaniamini. Lilikuwa limejaa kokoto, likanipita karibu mno kwenye barabara ya kuja kwetu Msalato, na upepo wake ukanisukuma mimi na baiskeli yangu hadi mtaroni. Goti la kulia likapasuka, gurudumu la nyuma likapinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa. Dereva hakusimama. Huenda hata hakujua. Nilikuwa natoka kufundisha, madaftari ya darasa la nne yakiwa kwenye begi mgongoni.

Plasta ilipotolewa, dada anayetufanyisha mazoezi ya viungo hospitalini aliniambia niendeshe baiskeli kila siku, kidogo kidogo, la sivyo goti litakakamaa. Nikamwambia siwezi. Alidhani nazungumzia maumivu. Kumbe wakati huo hata nikiwa ndani ya bajaji, nikisikia lori nyuma yetu, viganja vyangu vililowa jasho na nilitamani kuruka nje.

Nikamweleza habari ya malori. "Basi endesha ndani ya nyumba," akasema.

Akaniazima stendi yake mwenyewe. Ni kitu cha chuma chenye miguu minne. Vyuma viwili vinabana ekseli ya nyuma, kile chuma cha katikati ya gurudumu, kushoto na kulia, baiskeli inainuka kidogo, na tairi linakaa juu ya rola, chuma cha mviringo kinachozunguka pamoja nalo. Ukikanyaga pedeli gurudumu linazunguka, ila wewe huendi popote. Akanionya nisitumie gurudumu la barabarani, kwa sababu rola inakula tairi. Nitafute la akiba, lenye tairi laini lisilo na meno, liwe la ndani tu. Siku nikitaka kutoka nitabadilisha gurudumu zima. Nikaitikia, ingawa moyoni nilijua siku hiyo haipo.

Fundi wangu wa baiskeli ni mzee wa Kondoa, ana kijiwe chake karibu na soko. Yeye ndiye aliyeniwekea gurudumu jipya baada ya ajali.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwalimu. Goti linasemaje?"

Nikamweleza shida yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu kama nina hakika kwamba nataka kuendesha baiskeli nisifike popote. Nikasema ndiyo. Hakucheka. Akaingia ndani, akatoka na gurudumu kuukuu, akalizungusha mbele ya jicho lake kuona kama limenyooka, akahesabu gia. "Saba, sawa na zako. Zikipishana mnyororo utaruka. Rimu nzima. Ila hili tairi limechoka, ona nyufa hizi. Rudi Jumatatu nikupatie laini."

Ilikuwa Ijumaa. Miadi ya hospitali ilikuwa imekaribia na goti lilikuwa halijakunjika hata nusu. Nikamwambia litatosha kwa kuanzia. Akalifunga kwenye bajaji niliyokuja nayo.

Kesho yake mchana mume wangu alikuwa uani akipiga randa mbao za kitanda cha mteja. Sikumwita. Nilitaka kulifanya peke yangu, ili nikishindwa asione. Nilisogeza makochi, nikapindua baiskeli, nikalegeza nati kwa spana, nikatoa gurudumu zuri na kulitundika kwenye msumari chumbani. Lile kuukuu likaingia bila shida. Mnyororo ndio ulinisumbua, nikachafuka hadi viwikoni. Nikaibana ekseli kwenye stendi, nikakaza rola dhidi ya tairi, nikakaza tena, na tena. Niliogopa isije ikachomoka. Nilifikiri kukaza zaidi ndiyo usalama.

Nikapanda. Nilikuwa nimeelekea ukutani, mgongo wangu kwenye mlango.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa kimya. Wa tatu, wa nne, rola ikaanza kuunguruma. Mlio ulianza chini, mzito, ukapanda kadiri nilivyokanyaga, na ulitoka nyuma yangu. Nilijua ni rola. Nilikuwa sebuleni kwangu, kalenda ukutani mbele yangu, birika la chai mezani. Lakini mwili haukutaka kujua. Shingo ilikakamaa, mikono ikang'ang'ania usukani. Ningeacha kukanyaga, mlio ungekufa. Badala yake nilikanyaga kwa nguvu zaidi. Nilikuwa nakimbia. Na kadiri nilivyokimbia ndivyo lile lori lilivyonikaribia. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua na bado sikuacha.

Tairi likapasuka kwa kishindo kikubwa. Nilipiga kelele, nikajitupa upande, baiskeli na stendi vikaniangukia mguuni.

Nilipofumbua macho mume wangu alikuwa mlangoni, randa bado mkononi. Hakunikimbilia. Alinitazama, akaona nimefumbua macho, kisha akakaa chini pale pale kizingitini.

"Sijaumia," nikasema. "Ni tairi tu."

Akaweka randa sakafuni. "Siku ile," akasema, "mtu alinipigia kwa simu yako. Akasema, mwenye simu hii amelala mtaroni. Simu ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nimekaa kwenye bodaboda njia nzima sijui naenda kumchukua mgonjwa au maiti."

Hakuwa amewahi kuniambia. Miezi yote ile alinipikia uji, akaniogesha, akanitania kuhusu mwendo wangu. Nilikuwa nimeamini kwamba ndani ya nyumba yetu mwoga ni mimi peke yangu.

"Nilitaka kuiuza baiskeli hiyo ukiwa wodini," akasema. "Mteja alikuja kabisa. Nikashindwa nitakwambia nini."

Nilijiburuta hadi mlangoni, nikakaa karibu naye. Mguu haukuwa na kitu zaidi ya mchubuko. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Jumatatu tulienda kwa fundi pamoja. Mzee alipitisha kidole kwenye mpasuko. "Rola uliikaza sana?"

"Sana, mzee wangu."

"Tairi limechoka, rola imebana, limechemka likapasuka. Siku nyingine kaza mpaka tairi lisiteleze ukilizungusha kwa mkono, basi. Na upepo ujae vizuri." Akavisha tairi laini, jipya, akajaza upepo, akalibonyeza kwa dole gumba mara mbili.

Jioni hiyo tuliifunga baiskeli kwenye stendi wawili, mimi na mume wangu. Yeye alishika baiskeli wima, mimi nikakaza. Kisha akasema, "Kwa nini uupe mlango mgongo?" Tukaigeuza, mgongo wangu ukawa ukutani, nikawa natazama mlango, ua, na yeye juu ya kigoda mbele yangu. Rola ilipoanza kuunguruma machozi yalinitoka. Aliinua mkono akaushusha polepole, nami nikapunguza. Mlio ukashuka. Nikaongeza, ukapanda. Nikapunguza tena. Nilifanya hivyo kwa dakika tano, nikashuka nimelowa kama niliyenyeshewa.

Woga haukuisha wiki hiyo, wala mwezi huo. Siku nyingine nilikuwa nikipanda natapika. Lakini goti lilianza kukunjika, na dada wa hospitalini alipolipima akaniuliza kama sasa ninaendesha barabarani. Nikamwambia hapana, sebuleni. Akasema sebuleni panatosha.

Nilipomrudishia stendi yake, mume wangu alikuwa ameshanichongea nyingine ya mbao, na rola tulitengenezewa na mchomeleaji wa jirani. Ina kelele kuliko ile ya kwanza. Shuleni bado naenda kwa bajaji. Juzi tukiwa tunakula nilimuuliza mume wangu kama ataogopa nikirudi barabarani.

"Sana," akasema.

"Hata mimi."

Akaendelea kula. Baadaye akasema kwamba nyuma ya mashamba ya zabibu kuna njia ambayo magari hayapiti, na kwamba Jumapili baada ya ibada hana kazi.