Watasema, Mbwa Aliyetuhesabu

Enzi zetu, na najua wazee watacheka, maana mtu ambaye hajafikisha miaka arobaini ana enzi gani? Lakini sisi tuliosoma shule ya msingi pale Ijumbi, wakati kijiji kizima kilikuwa na simu mbili na zote zilipata mtandao juu ya kichuguu kimoja, tuna enzi zetu na hatuziombei ruhusa. Tulikwenda shule na jembe begani, tukacheza mpira wa kamba za migomba mpaka ukafumuka, tukala mapera mabichi na kuumwa matumbo kwa siri. Kahawa ikianikwa uani, harufu yake iliingia mpaka kwenye madaftari. Na Novemba senene wakishuka, hata wagonjwa walipona ghafla.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Kwa nini Bibi anawakamata senene, anawanyonyoa mabawa, anawakaanga, halafu hawali? "Mwanamke hali senene," alisema Babu. Kwa nini? "Ndivyo ilivyo." Na mbona mbwa anakula? Babu akaniita Kwanini. Jina hilo likaniganda mpaka leo.

Mbwa mwenyewe ndiye ninayetaka kumsimulia. Msimamizi wa ujenzi wa barabara, aliyekuwa akinunua ndizi kwetu, alipomaliza kazi yake Muleba alimwachia Babu mtoto wa mbwa aina ya jemani, wale tuliowaita mbwa wa polisi. Masikio yalikuwa makubwa kuliko kichwa, na miguu kama ameazima kwa ndama. Babu alifurahi kwa sababu moja: mikungu yetu ilikuwa inaibiwa kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba, tena ile iliyokomaa vizuri, kana kwamba mwizi anaichagua mchana kweupe. Akampa mbwa jina la Watasema, na kila jioni akawa analiita kwa sauti ya kanisani ili majirani wote walisikie.

Jirani wa kwanza kuja kumwona alikuwa Mzee Faustini, ambaye shamba lake lilipakana na letu. Alikuwa mtu mcheshi, aliyesumbuliwa na mgongo tu. Mgongo huo ulimzuia kwenda ibadani karibu kila Jumapili. Alimzunguka Watasema mara mbili, mikono nyuma, kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Mzee mwenzangu, huyu ukimlea vibaya atakuwa kondoo," alisema. "Mfungie bandani, asione jua wala watu. Mtie pilipili kwenye chakula. Watoto wasimguse. Baada ya miezi sita hata wewe utamwogopa."

"Kwa nini pilipili?" niliuliza.

"Ili damu ichemke, mjukuu."

"Mbona Babu anakula pilipili na damu haichemki?"

Bibi alicheka mpaka akaacha kumenya ndizi. Babu hakucheka. Kijiji kizima kilifuga mbwa hivyo, na ushauri wa Mzee Faustini haukuwa mgeni kwa mtu yeyote. Siku hiyohiyo banda la mbao likapigiliwa misumari.

Tulichopata si simba. Watasema alizunguka bandani mpaka akachimba njia ya duara kwenye tope, akatafuna mlango, akabwekea vyura, kuku, mvua na kivuli chake. Pilipili zilimharisha. Ndizi na maharage vilimvimbisha tumbo huku mbavu zikihesabika. Mgeni akija, alijikunyata pembeni na kutetemeka. Na mikungu iliendelea kuondoka. Babu akatoa hukumu, na hukumu ya Babu haikuwa na rufaa: "Krismasi ikifika hajawa mkali, Kato atakwenda naye Goziba akalinde dagaa."

Kato alikuwa mjomba wetu, mvuvi. Goziba ni kisiwa cha kambi za wavuvi, huendi ila kwa mtumbwi, na kwa akili yetu ya utoto aliyekwenda huko hakurudi mpaka amezeeka. Mimi na kaka yangu Mutalemwa hatukulala vizuri wiki ile.

Aliyetuokoa ni ratiba ya kanisa. Babu alikuwa mzee wa usharika wa Kilutheri, na kila Alhamisi jioni alikwenda kwenye kikao ambacho hakijawahi kuisha mapema. Alhamisi hizo sisi tulikwenda rweya, lile eneo pana la nyasi lililo nje ya vibanja, kukata nyasi za kufunikia migomba. Bibi alituita jikoni, akanong'ona kama anayetupa siri ya serikali: "Mchukueni akanyooshe miguu. Mbwa huyu anaumwa uvivu wa kulazimishwa. Na babu yenu asijue."

Nikumbuke nini kwanza? Siku ya kwanza alikimbia mpaka akawa doa, nikajua tumempoteza. Kisha akarudi, akatuzunguka kwa duara kubwa, akatuzunguka tena kwa duara dogo, akalala katikati yetu, ulimi nje. Mutalemwa alipokwenda kukata nyasi mbali kidogo, Watasema alimfuata, akamsukuma kwa pua kwenye magoti mpaka akarudi kwangu. Mbuzi wa Bibi nao wakapata adabu: aliyechelewa alisukumwa, aliyetangulia alizuiwa, na hakuna aliyeng'atwa. Ndipo nikaelewa, bila kitabu, kwamba mbwa huyu hakuzaliwa kuchukia watu. Alizaliwa kukusanya. Kumfungia bandani ni sawa na kumfungia seremala kwenye chumba kisicho na ubao.

Tukaanza kumlea kwa akili yetu. Tulimwaga chakula cha pilipili kwenye shimo la taka, naye Bibi akampikia ugali na vichwa vya dagaa. Tulimtoa kupe mmoja mmoja, hata wale wa ndani ya masikio. Tulimchana manyoya kwa gunzi la mahindi, tukamtandikia nyasi kavu maana mvua za kwetu hazina huruma na manyoya marefu. Tulimfundisha neno "kaa" kwa kumpa senene mmoja kila akitii, na kwa senene angekaa hata juu ya moto. Kosa lake lilikuwa moja: Bibi akisahau kufunika ungo, Watasema hakusubiri kuambiwa kaa.

Siri yetu ilikufa siku ya chanjo. Bwana mifugo alikuja na sindano zake, na Babu akamleta Watasema amefungwa kamba mbili, wanaume wanne wakijiandaa. Mbwa aliniona kwenye umati, akatikisa mkia. Nikasahau yote nikasema, "Kaa." Akakaa. Akachomwa sindano akiniangalia.

"Mzee, umetuletea mwanakwaya!" mtu mmoja alipaza sauti. Watu walicheka, na Mzee Faustini alicheka kuliko wote huku akishika mgongo wake.

Babu hakutupiga. Ingekuwa afadhali. Njiani alisema tu, "Jumatatu Kato anampitia."

Jumapili ile kabla ya ibada, nilifungua komeo la banda. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu siku yake ya mwisho aipitishe nje. Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu saa zilizobaki.

Tuliporudi, banda lilikuwa wazi. Babu alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Kisha tukasikia sauti kibanjani: "Waitu, jamani, mzee! Njoo umwite mbwa wako!"

Tulikimbia. Katikati ya migomba alisimama Mzee Faustini, mkungu mkubwa kichwani, panga limeanguka chini, jasho linamtiririka. Watasema alikuwa akimzunguka taratibu, kimya, bila hata kuonyesha meno. Mzee akisogea kushoto, anasukumwa kwa pua. Akisogea kulia, anasukumwa kwa pua. Alikuwa amekusanywa, hana pa kwenda.

"Nimesimama tangu kengele ya pili ya kanisa," alisema, karibu kulia.

"Na mgongo?" aliuliza Bibi kwa upole mkubwa.

Babu alimtazama Mzee Faustini. Nadhani alikuwa anazihesabu pilipili zote alizomlisha mnyama kwa ushauri wa mtu huyu. Kisha akasema, "Kwanini, mwite mbwa." Nikamwita. Babu akamgeukia jirani yake: "Mkungu huo nenda nao, umeubeba vya kutosha. Siku nyingine ukiwa na njaa, pita mlangoni."

Jumatatu Mjomba Kato alikuja, akanywa chai, akaondoka peke yake. Banda likawa la kuku. Watasema aliishi kwetu mpaka mdomo ukawa mweupe, na kila jioni alizunguka uani akituhesabu. Asiyeonekana alifuatwa mpaka chooni. Mutalemwa husema natia chumvi, kwamba mzee yule alisimama dakika kumi tu. Huenda. Mimi hutilia shaka kila kitu, hata kumbukumbu zangu, lakini jasho lile nililiona.

Siku hizi mpwa wangu, kijana wa Kagondo pale Bukoba mjini, ana jemani wake. Ana geti, ana kamera ukutani, ana picha za mbwa huyo nyingi kuliko za mama yake. Majuzi akaniandikia: "Shangazi, mbona hana ukali? Nimtie pilipili?" Dunia nzima iko mfukoni mwake, na bado ameifikia pilipili ya Mzee Faustini. Nilikwenda, nikafungua mlango wa kizimba. Sakafuni, kwenye saruji, lilikuwapo lile duara nililolijua.

Krismasi nikamlazimisha aje naye Ijumbi. Sehemu kubwa ya rweya imepandwa misonobari, Babu hayupo, lakini Bibi na sisi wengine tulikuwapo: mmoja barazani na simu yake, mwingine ndani ya gari na simu yake, watoto nyuma ya nyumba wakiangalia watoto wengine wakicheza kwenye kioo cha simu. Mbwa yule alizunguka uani, akamsukuma huyu kwa pua, akamsukuma yule. "Shii! Utanichafulia suruali!" Alijaribu mara tatu. Mwishowe akalala katikati ya ua peke yake, akitutazama kama mchungaji aliyekosa waumini.

Niliweka simu mfukoni, nikaenda kukaa pale alipotaka nikae. Mmoja. Nyuma yangu nikasikia kigoda kikiburutwa polepole. Bibi alikuwa anakuja. Wawili.