Chatu wa Ghala la Omena na Sindano Ambayo Milka Alikataa Kudunga

Kila neno utakalosoma hapa ni la kweli. Sikusimuliwa na mtu, sikuota, wala sikuwa nimekunywa kitu. Mimi ni karani mstaafu wa kiwanda cha pamba. Nimeandika majina na uzito wa mizigo ya watu kwa miaka ishirini na tisa, na mtu wa kazi hiyo hawezi kudanganya mchana kweupe. Ukikuta uongo humu, deni ni langu.

Saa tatu asubuhi, Februari hii ya 1998, Milka Gisiri amepiga magoti juu ya gunia kavu ndani ya ghala la omena, dagaa wa ziwani, mjini Sori. Kwa mkono wa kushoto ameshika kichwa cha chatu, nyuma kidogo ya taya. Mkono wa kulia una mwiko mdogo wa kukorogea uji wa mtoto, na kwa mwiko huo anaufungua mdomo wa chatu taratibu, kama mtu anayefungua barua isiyo yake.

"Tochi," anasema.

Mwenye chatu, Pamela Akoth, ambaye Sori nzima humwita Mama Dorine, anamulika. Macho yake yako usoni kwa Milka, si mdomoni mwa chatu. Ndani ya mdomo kuna ute mzito wa manjano, na kila chatu akivuta pumzi kunatoka mlio mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka.

"Daktari, huyo anakufa?"

"Mimi si daktari, mama. Ni msaidizi wa mifugo. Na hajafa. Mulika vizuri."

Chatu huyu anaitwa Askari. Ana urefu wa futi kumi na nane. (Milka amesoma mstari huu, akanirudishia karatasi. Ni futi tisa na nusu. Amempima kwa tepu ya fundi cherehani. Haya, tisa na nusu.)

Askari aliingia kwa Mama Dorine mwaka wa 1993, akiwa mwembamba kama mshipi, ndani ya mzigo wa mafunjo ya kuezekea. Huku ziwani chatu akikujia nyumbani hapigwi. Ni mgeni, na mgeni hutafutiwa mahali. Mama Dorine alimtafutia mahali ghalani, kwa sababu ghala lilikuwa na panya ambao paka walikuwa wanawasalimia tu na kupita.

"Katika kila magunia kumi, matatu yalikuwa yanatobolewa," anasema. "Sasa halitobolewi hata moja. Na huyu Askari wangu hataki mshahara, hataki likizo, haendi matangani. Nitampata wapi mwingine?"

Ndiyo maana alikuwa anatazama uso wa Milka, si chatu.

Milka ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Kegonga, kwa Wakuria, kwenye boma la ng'ombe wengi, na alisomea mifugo kwa miaka miwili kabla ya kutumwa huku Nyatike mwaka wa 1991. Mshahara wake ni shilingi elfu nne na mia tatu kwa mwezi. Baiskeli ni yake mwenyewe, na eneo lake ni pana kiasi kwamba tairi la nyuma halimalizi mwaka. Dholuo, lugha ya huku, anaielewa, lakini akiisema watu hucheka, kwa hivyo hutibu kwa Kiswahili.

"Chuoni nyoka alikuwa na ukurasa mmoja," anasema. "Na ukurasa wenyewe ulisema ukimwona, ondoka."

Yale mengine amejifunza kwa barua. Kuna daktari wa wanyama Nairobi anayefuga nyoka, na Milka humwandikia. Jibu huchukua wiki mbili, wakati mwingine tatu. Barua hizo amezifunga kwa uzi, na zinanuka omena kuliko karatasi.

Shida yake kubwa si nyoka. Ni sisi watu. Huku kwetu daktari ambaye hajadunga sindano ni mgeni tu aliyepita kunywa chai. Ng'ombe akikohoa, sindano. Kuku akisinzia, sindano. Mtu akikosa usingizi kwa sababu ya jirani, ataulizia sindano.

Milka hukataa mara nyingi kuliko anavyokubali. "Dawa ya kuua vijidudu inaua vijidudu," anasema. "Haiui baridi, haiui njaa, haiui uzee. Kama hakuna kijidudu, mimi nadunga nini?"

Novemba iliyopita alikataa mbele ya umati. Askari alikuwa amekaa wiki tatu bila kula. Macho yalikuwa yamepauka kama yamemwagiwa maziwa, na ngozi imefifia. Mama Dorine alimwita Milka, akamwandalia chai na mayai mawili, akampisha akae kiti chenye mto.

Milka alimtazama Askari nusu saa nzima. Akamfungua mdomo: msafi, wa waridi. Akasikiliza pumzi: kimya. Akaomba karai pana lenye maji, likawekwa kando ya chatu.

"Anataka kuvua ngozi," akasema. "Mwacheni. Msimshike, msimlazimishe kula. Akishavua, atakula."

"Na sindano?"

"Hakuna sindano."

Soko zima lilisikia. Helen, mama mnunuzi wa omena kutoka Oyugis, alicheka mpaka akashika magoti. "Mama Dorine, yawa! Umepika mayai mawili ili mtu aje atazame nyoka machoni? Mimi ningetazama kwa yai moja!"

Milka alipanda baiskeli yake akaenda. Anasema alikuwa amezoea. Nadhani hakuwa amezoea, kwa sababu alisahau kofia yake.

Sasa hapa inaingia habari ya mzee mmoja wa Sori. Ni mtu wa heshima, mrefu, na sura yake bado ni nzuri ukizingatia umri. Jina lake halina maana katika habari hii. Mzee huyu alikuwa na imani kubwa na zile tembe za rangi mbili, nyekundu na manjano, ambazo kila duka huziuza kando ya viberiti. Zilimponya goti. Zilimponya jino. Mwaka fulani aliziweka kwenye mahindi na fukusi wote wakahama wakaenda Tanzania kwa miguu, wamepanga foleni. (Milka amepiga mstari mwekundu chini ya fukusi. Nimewaacha. Ni habari za mzee, si zangu.)

Mzee alimhurumia Mama Dorine. Kila asubuhi, mama akiwa ufuoni anaanika omena, yeye aliingia ghalani, akafungua tembe mbili, akamwaga unga ndani ya karai la maji, akakoroga kwa kidole, akaondoka. Askari alikunywa maji hayo na kulala ndani yake. Siku ya tisa alivua ngozi yote, nzima, kutoka pua hadi mkia, kama soksi. Siku ya kumi mzee akaongeza ya mwisho, ya kushukuru.

Soko likamsifu Milka. Mzee naye alimsifu, lakini moyoni alijua daktari ni nani.

Halafu mvua za El Nino zikakataa kuisha. Januari maji yaliingia ghalani mpaka kifundo cha mguu. Mama Dorine aliinua magunia juu ya mbao, lakini hakuna aliyefikiria kumwinua Askari. Sakafu ya saruji ilikaa baridi na majimaji wiki tatu. Chatu akaacha kula, akaanza kuinua kichwa juu kama anatafuta hewa darini, na povu likaonekana puani.

Ndipo tunapomkuta Milka amepiga magoti na mwiko mkononi.

"Hii si ya Novemba," anamwambia Mama Dorine, akiufunga mdomo wa chatu kwa upole. "Novemba ilikuwa macho. Hii ni kifua. Usaha umeshika, anafungua mdomo ili apumue. Safari hii dawa inahitajika."

"Basi dunga!"

"Siyo leo. Shika, amepoa kama samaki. Nyoka hana moto wake mwenyewe, anaazima nje. Nikimdunga akiwa baridi, dawa italala palepale nilipoiweka. Kwanza apate joto na pakavu, siku mbili."

Umati mlangoni uliguna. Siku mbili! Lakini Mama Dorine alikuwa amekwisha kuita watu wa kubeba. Askari alihamishiwa chumba cha kulala cha mama mwenyewe, juu ya magunia makavu, akazungushiwa mitungi ya maji moto iliyofungwa kwa kanga. Mama Dorine mwenyewe alilala jikoni.

Siku ya tatu Milka alirudi. Askari alikuwa na joto na amechangamka kidogo, lakini ule mlio ulikuwa palepale. Milka akasema sasa ni sindano, na kabla ya sindano ni uzito, kwa sababu dawa hupimwa kwa kilo. Askari akatiwa ndani ya gunia, gunia likaning'inizwa kwenye mizani ya omena.

"Kumi na tano," akasoma Milka, akaanza kuandika.

Mama Dorine akakohoa.

"Kumi na tano," akarudia Milka.

"Daktari," Mama Dorine akasema kwa sauti ya chini, "hiyo mizani... wewe toa mbili."

"Nitoe mbili nini?"

"Kilo. Toa kilo mbili. Hiyo mizani huwa inaongeza."

Pale mlangoni Helen wa Oyugis alidondosha kikapu. "Mama Dorine! Miaka minne nanunua kwako!"

"Helen, nitakujazia. Sasa hivi kuna mgonjwa."

"Miaka minne, na mimi nasema omena za Sori hukauka njiani!"

Milka alifuta kumi na tano, akaandika kumi na tatu. "Asante, mama. Kwa figo za nyoka kilo mbili ni nyingi. Umemwokoa." Akainua macho, akawatazama watu wote waliojaa mlangoni. "Swali la pili. Kuna mtu amewahi kumpa huyu dawa yoyote? Hata kidogo?"

Helen akaokota kikapu chake.

"Nauliza kwa sababu kwenye mkoba nina dawa moja, ile ya ng'ombe. Ni ya ukoo mmoja na tembe za rangi mbili. Kama amewahi kulambishwa hizo kidogo kidogo, vijidudu vyake vimezizoea. Nitamdunga maji ya bure, tutangoja, na tukishangoja hatutakuwa na mgonjwa tena."

Yule mzee mrefu alikuwa pale, nyuma ya Helen. Alianza kutazama ziwa kwa makini sana.

"Mimi nimeaibika mbele ya wateja wangu kwa ajili ya nyoka huyu," Mama Dorine akasema. "Karai lilikuwa na maji ya manjano siku kumi. Nilifikiri ni vumbi la omena. Na kila asubuhi nikipandisha kutoka ufuoni, nilikutana na mtu anatoka ghalani, anapangusa kidole kwenye suruali. Shemeji Sammy, utasema wewe ama niseme mimi?"

Watu wote wakanigeukia.

Nilijaribu kueleza habari za goti langu, lakini Milka aliinua mkono.

"Ngapi, mzee?"

"Mbili."

"Kwa siku ngapi?"

"Kumi."

"Ni mbili kweli, ama ni mbili za kutiwa chumvi?"

"Ni mbili kweli, daktari." Nadhani ilikuwa hesabu yangu ya kwanza isiyoongezwa kitu tangu nistaafu.

Sikutukanwa. Ningependa angenitukana. Milka aliiacha chupa ya dawa ya ng'ombe mkobani, akafunga kifungo. "Novemba ungeniambia, ningekukasirikia," akasema. "Leo umeniambia, umenisaidia. Lakini utalipa."

Malipo yalianza saa hiyo hiyo. Dawa nyingine, ambayo yule daktari wa Nairobi aliitaja kwenye barua ya mwaka jana, ilikuwa Homa Bay. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, kwa hivyo nilivuka kwa miguu, suruali begani, nikarudi kesho yake na chupa moja ndani ya barafu niliyoiomba kwa wachuuzi wa samaki. Ikishachanganywa lazima ikae baridi. Huko jikoni kwa Mama Dorine ilikaa juu ya barafu ya samaki, mpya kila siku.

Sindano saba, kila siku ya tatu, sehemu ya mbele ya mwili na kamwe si mkiani, kwa sababu dawa ya mkiani hupitia kwenye figo kwanza. Milka alishika kichwa. Mkia nilipewa mimi. Sitasema nguvu ya mkia ule ni sawa na ya trekta, kwa sababu Milka yuko karibu. Nitasema ni nguvu ya kutosha kumtoa karani mstaafu kwenye kiti. Siku ya sindano ya tatu Askari alijisaidia kwenye suruali yangu ya kanisani, na soko zima likaona ni haki.

Sindano ya tano mlio ulikoma. Wiki moja baada ya ile ya saba, panya aliingia chumbani kwa Mama Dorine na hakutoka.

Helen bado hununua omena pale pale. Anakuja na mizani yake.

Makala haya pia ni sehemu ya malipo. Milka alitaka yaandikwe gazetini, na jina langu ndani: Samwel Otiato, wa Sori. Haya, ndilo hilo.

Yeye sasa ana mpango. Kuanzia mwezi huu, kila siku ya soko, anaweka meza chini ya paa la jengo la samaki. Haitakuwa na sindano. Anataka watu walete tembe walizoficha majumbani, wamwambie ni za nani na za nini, na wamuulize kabla ya kumpa kuku, ng'ombe au mtoto. Akipata watu ishirini, ataomba ofisi impe jokofu la mafuta ya taa.

"Nataka siku moja mtu aje aniulize kama dawa inahitajika," anasema. "Siyo aje kuniambia nidunge."

Wa kwanza kufika mezani Jumatano iliyopita nilikuwa mimi. Niliweka kopo la tembe za rangi mbili, nikasema ni zote nilizo nazo, thelathini. Milka alizimwaga, akazihesabu kwa kalamu. Zilikuwa arobaini na moja.

"Na za mfuko wa shati, mzee?"

Nikatoa sita.