Siku Simu Yangu Ilipohamia Uganda

Haki naona haya hata kuanza, lakini kwa vile hapa Malaba nikipita bado kuna watu wanaofungua mwavuli na jua linawaka, afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia ile ya stendi ya boda boda, ambayo imetiwa chumvi (kidogo tu, kusema kweli).

Nilikuwa nimepewa kazi ya kuchora na kufunga mtambo wa kumwagilia uwanja mpya wa gofu, ule unaopakana kabisa na Uganda. Mtambo wenyewe ulijiendesha: unatuma meseji ya WASHA, vinyunyizio vinachomoza kwenye nyasi za shimo la kwanza, vinazunguka, vinalala, la pili linaanza, hivyo hivyo mpaka uwanja wote unywe maji. Mwenye uwanja akaniuliza, "Na koki ya kufunga na mkono umeweka wapi, boss?" Nikacheka. Nikamwambia koki za mkono ni za shamba la sukuma wiki, hapa ni simu tu.

Sasa siku ya ufunguzi kwaya ya akina mama wa kanisa ilialikwa kuimba, na kati yao alikuwemo mama yake Nekesa, msichana niliyetaka kumwoa. Wazee wangu walikuwa waende kwao Jumamosi ya wiki hiyo kuongea mambo ya ng'ombe wa mahari, na mama huyo alikuwa hajakubali bado (alimwuliza binti yake, "Injinia wa nyasi? Nyasi si hujimelea zenyewe?"). Kwa hivyo nilitaka sana aone kazi yangu kwa macho yake.

Kwaya ikajipanga kwenye shimo la tatu. Kwetu mama mkwe humpi hata mkono, mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani, basi nami kwa heshima nikarudi nyuma, nikarudi, mpaka mgongo ukagusa ua wa upande wa Uganda. Nikatuma WASHA. Maji yakaruka shimo la kwanza, watu wakapiga makofi, mama akatabasamu, jamani nilimwona, na badala ya kuzima pale nikasema ngoja waone na la pili. La pili likaruka. Nikatuma ZIMA.

Haikwenda. Nikatuma tena, ndipo simu ikalia, nikasoma: karibu Uganda. (Mnazijua simu za huku, ukisogea kidogo inahama nchi bila pasipoti, na ikishahama hairudi upesi.) Mimi niko Kenya, laini iko ng'ambo, na meseji haitoki.

"Injinia, zima hiyo maji," mwenye uwanja akasema.

"Nazima, mzee."

"Unazima na nini?"

Nikakimbilia kwaya nikipunga mikono, wao wakadhani nimeguswa na wimbo, wakaongeza sauti. Shimo la tatu likachomoza katikati ya sketi zao. Kila mtu akakimbia kwake, mama Nekesa akateleza, na mikono yangu, bila kuniuliza, ikamdaka kiunoni, tukaanguka wote wawili kwenye tope tumekumbatiana, mimi na mama mkwe wangu, mbele ya kanisa zima.

Wimbo ukakatika. Mama mmoja wa kwaya akasema polepole, "Kijana, achilia mama mkwe." Nikamwachilia. Maji yalizunguka mpaka tangi likakauka.

Nililia, siwafichi, maana nilimpenda Nekesa na nilijua Jumamosi imeenda. Na kweli wazee wangu walirudishwa mlangoni, hakuna kuongea ng'ombe mpaka nilete mbuzi wa kuosha ile aibu. Nekesa akaniletea maneno ya mama yake vile yalivyo: "Mwambie mbuzi alete mwenyewe na kamba. Asitume na simu."

Nilimpeleka kwa kamba, kwa miguu, kutoka sokoni Adungosi. Ng'ombe wakaongelewa, na Nekesa ndiye huyo anayewacheka hapo. Lakini tangu siku ile mtambo wowote ninaochora naanza na koki, kubwa, nyekundu, ya mkono. Na mama mkwe akitokea njiani naingia kichakani, ila kwanza naangalia niko nchi gani.