Mtini Ulioachwa na Fransisko

Fransisko alipofariki, mtini wa nyuma ya nyumba ulikosa wa kuugusa. Yeye ndiye aliyeuleta kutoka Kaengesa, na kila mwaka aliupunguza mwenyewe. Mkewe Albina alibaki na mashamba ya mahindi na ulezi hapo Pito, nafasi ya kuuangalia mti hakuwa nayo. Miaka ikapita. Matawi yakasongamana, yakalalia bati, na tini zikawa zinaiva juu kabisa, zikiliwa na ndege.

Machi moja, mvua zikiendelea, Albina alichoka. Akachukua panga, akaufyeka. Utomvu mweupe ukamtiririkia mikononi, na jua lilipotoka ngozi ikawaka, ikafanya malengelenge. Hata jembe alishindwa kulishika. Mti nao ukachipua ovyo kuliko mwanzo.

Wilibrodi, kaka wa marehemu, alikuja kumjulia hali.

"Shemeji, ung'oe huu. Panda parachichi."

"Acha nisubiri baridi," Albina akamjibu. "Marehemu alikuwa hakati mpaka majani yapukutike."

Julai ilipofika mti ulikuwa mtupu, kila tawi likionekana linakotoka. Albina alivaa koti la mikono mirefu na glovu, Wilibrodi akaleta msumeno na ngazi. Walianza na matawi makavu, wakaja kwenye yaliyosuguana, kisha machipukizi ya shinani. Hapa na pale Albina aliona makovu ya zamani, yaliyofunga vizuri, akajua mkono ni wa nani.

Katikati ya mti palipofunguka, Wilibrodi akanogewa.

"Tumalize na haya makubwa leo leo."

"Hapana, shemeji. Mawili yanatosha, mengine mwakani. Ukiuvua wote kwa mpigo, utachipua kichaa tena."

Wilibrodi alishuka ngazi amenuna, lakini alishuka.

Msimu ule tini zilikuwa chache mno. Wilibrodi alilisema hilo kila alipopita, na zipo siku Albina alihisi huenda shemeji yake alikuwa sahihi, kwamba bora mti ung'olewe. Julai iliyofuata walikata tena. Tawi moja lilikuwa limeoza palipopigwa panga, likaondolewa lote, na mti ukabaki umeegemea upande.

Matunda yaliyofuata yalining'inia usawa wa kifua. Albina aliyachuma akiwa amesimama chini, akala mawili palepale, mengine akamfungia Wilibrodi kwenye kitenge. Yaliyozidi aliyatandaza juu ya ungo, akayaanika.