Nilimwambia Shangazi hisa ni ng'ombe aliyewekwa kwa mtu

Nimekosa, na aliyenikosesha ni mimi mwenyewe. Hilo naliweka mbele kabisa, maana nikianza kueleza mtadhani namlaumu mtu. Simlaumu mtu.

Kwenye daftari langu nimeliandika mara tatu, nikalichana mara tatu. Elimu yangu ni darasa la saba, mniwie radhi nikipinda maneno.

Nilikuwa karani wa mizani ya pamba hapa Bariadi. Soko huria lilipokuja, wanunuzi binafsi wakajaa, chama chetu cha ushirika kikadhoofu, nami nikabaki nyumbani. Ndipo nikasikia redioni kwamba mashirika ya umma yanauzwa na wananchi wanaruhusiwa kununua hisa. Kampuni moja ya madalali wa hisa ilikuwa inatafuta mawakala. Walitaka mtu aliyesomea fedha. Nikaazima koti, nikapanda basi kwenda Mwanza.

Sikughushi cheti! Hilo naapa. Bosi aliniuliza, "Umesomea wapi mambo ya fedha?" Nikamjibu, "Sijasoma, bosi. Ila wakulima wananisikiliza, na Kisukuma ni cha nyumbani." Akacheka, akanichukua.

Hapo sikukosa, nadhani. Kosa lilianza kwenye mafunzo. Siku tatu! Mtaji, gawio, soko la awali, soko la pili... Wenzangu wote watu wa chuo, wanaandika tu. Mimi nilishika gawio peke yake, ile faida anayogawiwa mwenye hisa. Mwisho mwalimu akauliza kama kuna aliyeachwa nyuma. Nikatazama viatu vyangu.

Kwenye basi la kurudi nikapata wazo, nikaliona kubwa kweli. Sisi huku mtu mwenye ng'ombe huweza kumweka mmoja kwa rafiki. Rafiki anachunga na kunywa maziwa, ndama anabaki wa mwenyewe. Basi hisa ni hivyo hivyo! Kampuni inachunga, ndama ni wako.

Weee! Watu wa Ngulyati walielewa kwa dakika mbili. Bosi aliposikia akanisifu mbele ya wale wa chuo, akawaambia nao waseme hivyo. Nikanunua tai. Wakaanza kuniita Meneja, nami nikaitika!

Kisha nikaenda kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea. Mjane. Alikuwa na ng'ombe wanane aliowatenga kwa mahari ya mwanawe Masanja, aliyekuwa amechumbia binti wa kijiji cha Mwandoya. Kiangazi kilikuwa kibaya, ng'ombe wanakonda machoni pake.

Akanisalimia Kisukuma, "Mwangaluka, Meneja! Siku hizi bado unakula ugali wa mtama?"

"Nakula, Shangazi. Acha utani."

Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza lile swali. "Mtu akiweka ng'ombe kwa rafiki, siku akimhitaji anakwenda na kamba, anamchukua. Na mimi baada ya mavuno, baba wa binti akituita, nitakwenda kuchukua wangu?"

Jamani! Sikujua. Sikujua kabisa! Mdomo wangu ukasema, "Ndiyo, Shangazi. Siku yoyote."

Akawapeleka wote mnadani. Wote wanane! Fedha yote akanunulia hisa kwangu.

Baada ya mavuno salamu zikaja kutoka Mwandoya: leteni mahari. Shangazi akafika ofisini kwangu na kitenge kipya, Masanja nyuma yake. Akaweka cheti cha hisa mezani. "Tumekuja kuchukua."

Nikapiga simu Mwanza. Bosi akauliza, "Nani alikuambia kampuni inarudisha? Hisa inasubiri mnunuzi. Na kwa sasa hakuna anayenunua." Alisema kwa upole. Laiti angenitukana!

"Kwa hiyo ng'ombe wangu wako wapi?" Shangazi akauliza.

"Wapo, Shangazi. Ila hawatoki mpaka apatikane mtu wa kuzinunua hisa."

"Mwaka huu?"

Nikakigeuza kile cheti upande wa pili. Masanja akacheka kicheko kibaya. "Mama, twende Mwandoya na hiyo karatasi. Labda baba mkwe ataikamua."

Nilitoa ng'ombe wangu wawili, ndio niliokuwa nao. Baba wa binti akakataa, na siwezi kumsema vibaya, alikwisha kuwasubiri mavuno mawili. Binti akaolewa kwingine.

Nisiionee kampuni: hisa zile hazikupotea. Miaka iliyofuata zilipanda, gawio likaja, Shangazi akaezeka nyumba bati. Wapo wanaoniambia, "Si unaona? Ulimsaidia!" Hapana! Nilibahatisha na mali ya mtu, ikatokea bahati. Kazi niliacha mwenyewe. Au niliikimbia, mpaka leo sijui niite vipi.

Masanja alihamia Maswa, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Akija nyumbani ananisalimia kama mgeni aliyemkuta stendi. "Habari za kazi." Basi. Tulikua tukilala kitanda kimoja!

Wewe kijana ambaye hukusomea fedha na unaitaka kazi hiyo, ingia. Sikukatazi, mlango upo na watu wa aina yetu wanapita. Lakini mtu akikuuliza jambo usilolijua, sema, "Sijui, ngoja nikaulize." Utaona aibu. Watakucheka. Waache wacheke! Shangazi yangu angenisubiri hata mwezi mzima. Namjua. Angenisubiri.