Upande wa Pili wa Samaki

Nilikuwa nimebakiza siku ishirini na nane za viza ya matembezi, na mtu pekee Dubai nzima aliyeahidi kunitolea viza ya kazi alikuwa Mchina muuza taa. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo hakuna atakayeelewa kwa nini nilivumilia pale.

Duka lake lilikuwa ndani ya soko refu la Wachina, nje ya mji, kwenye njia ya kwenda Hatta. Ukiingia mlango wa kwanza ukapita vigae, mabomba, wigi, viti vya saluni na maua ya plastiki, unatokea mlango wa mwisho miguu ikiuma. Nilichukuliwa kwa ajili ya wateja wa kwetu, wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala waliotaka mtu wa kuwaambia kwa Kiswahili kama taa itadumu. Niliwaambia itadumu.

Wenye duka hawakunipenda, nami sikuwapenda. Mke wa bosi, ambaye nilimwita madam, alikagua mfuko wangu kila jioni kabla sijatoka. Nikiinuka kitini, alikipulizia dawa ya kuondoa harufu, na hakungoja niende mbali. Mimi nami nilimtukana kwa Kijaluo huku nikitabasamu, na mteja akiwa wa Kisumu alicheka mpaka akashika ukuta. Bosi mwenyewe hakunisumbua. Yeye alivuta sigara tu na kubonyeza kalkuleta.

Walikaa mtaa wa nyuma ya soko, kwenye majengo ya ghorofa tatu yaliyojengwa kwa mtindo wa kwao, mapaa yamepinda ncha. Kwenye roshani, nguo na samaki wakavu vilianikwa kamba moja. Upepo ukigeuka, harufu ya maji taka ya jirani ilifunika harufu zote, yangu na yao. Nilipopita chini ya majengo yale mazungumzo yalikatika. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza karata alitema mate chini. Huenda alikuwa na kikohozi, lakini siku zile nilihesabu yote kuwa yangu.

Ijumaa moja, soko likiwa halifunguliwi mpaka alasiri, bosi aliniita kwake kwa chakula cha mchana. Kontena lake kubwa la mwaka lilikuwa limepakiwa melini kule kwao, nao walikuwa na desturi ya kula pamoja likiondoka.

"Njoo ule," alisema. "Jumapili tunakwenda kwa mtu wa karatasi za viza."

Nilinunua pakiti ya majani ya chai ya Kericho, nikavaa shati langu jeupe. Madam aliipokea chai kwa ncha za vidole, akaiweka juu ya friji. Tulikuwa watu saba kwenye meza ya duara, wote jamaa zao isipokuwa mimi. Katikati alikuwa samaki mzima, kichwa kikimwelekea bosi, amelala kwenye mchuzi wa tangawizi.

Madam alisema kitu, meza nzima ikacheka.

"Anasema watu wa Afrika hawajui samaki," bosi alinitafsiria. "Wanajua nyama tu."

"Mimi?" nikasema. "Mwambie nimezaliwa kando ya ziwa."

Sidhani kama alimwambia. Lakini kauli ile ilikuwa imeshaniingia. Kwetu mtoto akiacha nyama kwenye mifupa alizabwa kofi, na mgeni aliyemla samaki akamwacha anang'aa kama kitana alisifiwa mpaka kwa majirani. Nikala upande ule wa juu kwa bidii, nikivuta miiba midogo kwa vidole, kwa sababu vijiti vyao vilinishinda. Upande wa juu ukaisha. Nikangoja. Hakuna aliyegusa upande wa chini. Wakarudi kwenye mboga na wali, samaki nusu mzima amelala pale, nikadhani haya inawazuia, au wananipima. Basi nikashika mkia kwa mkono mmoja, kijiko kwa mkono mwingine, nikamgeuza mzimamzima kwa pigo moja safi, kama mama yangu alivyofanya maisha yake yote.

"Haya, upande wa pili!" nikasema, nikicheka.

Madam alinichapa mkono kwa vijiti vyake, kwa nguvu, kama anavyochapwa mwizi wa sukari. Akamgeuza samaki tena kwa mikono yake miwili, mchuzi ukimtiririka hadi viwikoni, kisha akachukua sahani akaenda nayo jikoni. Nikasikia kifuniko cha pipa la taka. Hakuna aliyenitazama. "Kula," bosi aliniambia, macho kwenye bakuli lake. Nikala wali mtupu.

Kesho yake dukani alinieleza. Aliweka kalkuleta juu ya meza. "Sisi watu wa pwani. Hii meli." Akaibinua kifudifudi. "Watu wote ndani ya maji. Taa zote."

"Lakini bosi, mimi sikujua."

"Mimi najua hukujua. Meli haijui."

Kumbe mwenye nyumba alikuwa auondoe kwanza uti wa mgongo, watu wale nyama ya chini bila kumgeuza samaki. Ningengoja dakika mbili tu. Nikamuuliza habari ya Jumapili.

"Meli ifike kwanza," alisema.

Kwa hiyo viza yangu ikawa inasafiri pamoja na taa zake. Usiku nililala Al Baraha, kwenye chumba cha watu wanane, na mwenzangu wa kitanda cha chini, askari wa lindo kutoka Kakamega, hakunipa nafasi.

"Omera, hebu rudia. Mjaluo amekosana na bosi kwa ajili ya nini?"

"Samaki."

"Ai! Hii usimwambie hata mama yako. Mluhya kama mimi akiharibikiwa kwa kuku nitaelewa, lakini wewe na samaki?"

Nilicheka naye, kisha nikageukia ukuta nikahesabu siku. Sijawahi kuombea kitu cha mtu nimchukiaye kama nilivyoiombea meli ile.

Ilifika zikiwa zimebaki siku nane. Tulifungua kontena kwenye ghala huko Dubai Investments Park, tukashusha maboksi tangu asubuhi hadi alasiri. Hakuna taa iliyovunjika. Nikamgeukia madam, jasho likinitoka, nikainua kidole gumba. "Madam, meli nzuri!"

Alimwambia mumewe maneno machache.

"Anasema imefika kwa sababu yeye alimrudisha samaki," bosi alisema.

"Sawa. Na karatasi zangu?"

Alizima sigara kwanza. "Khalas, imekwisha, rafiki. Sisi tunakula pamoja. Yeye hawezi kukaa meza moja na wewe. Asiyekula hapa hafanyi kazi hapa."

Na walikuwa wameningoja nimalize kushusha. Nikawaambia maneno juu ya mbwa na paka ambayo sitayaandika, na bosi aliyaelewa yote, maana Kiingereza changu kilinyooka siku ile. Sikujuta. Sijui kama nimejuta hata sasa.

Asubuhi iliyofuata nilianza mlango wa kwanza wa soko, duka kwa duka, nikiuliza kazi. Kwa muuza vigae, yule bwana alinitazama, akanyoosha kiganja, akakigeuza taratibu, juu chini. Kwa muuza mabomba, vilevile. Wengi walikuwa wa mkoa mmoja na bosi, na habari ilikuwa imenitangulia. Wanawake wa wigi waligeuza viganja wote watatu kwa pamoja, wakacheka. Nilikwenda mpaka mlango wa mwisho, kwa ubishi tu.

Tangu hapo nimehangaika miji mingi, Juba, Doha, Lubumbashi, na kila mahali najikuta nimeingia mtaa wa Wachina, nanusa tangawizi na samaki mkavu, moyo unanivuta kama nimefika kwetu. Kisha mtu ananiangalia, nakumbuka, naondoka.

Nilipofunga mkoba kule Al Baraha, mwenzangu alikaa kitandani akanishangaa.

"Si ujifiche tu? Huku nani atakuuliza viza? Tena una siku mbili bado. Siku mbili nzima unawaachia wenye nchi?"

"Nawaachia," nikamwambia, nikamwomba anisaidie kushusha mkoba ngazi.