Samli Kwenye Bunduki

Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Kamukuywa. Mimi ni msaidizi wa bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, huko Kitale. Chuo kikuu kilinifundisha kuhoji kila kitu, hata mafuta.

Bunduki yetu, ile inayojipakia risasi yenyewe, ilikuwa imetoka kwa fundi. Bwana nyama alinipa mkebe wa mafuta ya bunduki, akasema nisitumie mengine. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndivyo ilivyo. Kwangu hilo halikuwa jibu, nikauacha mkebe ofisini.

Nilitumwa Kamukuywa kwa Mama Nafula, mjane ambaye nguruwe mwitu walikuwa wakimaliza mahindi yake, chakula cha watoto wake. Jioni aliniwekea samli ya kulia ugali. Nikaipaka bunduki nje na ndani, nikijiona mvumbuzi.

Alfajiri kulikuwa na baridi kali. Nguruwe walipotokea nilipiga risasi ya kwanza, nikakosa. Ya pili haikuingia, kwa kuwa samli ilikuwa imeganda na chuma hakisogei. Nguruwe wakahamia upande wa pili wa shamba, wakaendelea kula.

“Ati hii ndiyo inajipakia yenyewe?” jirani mmoja aliyekuja kutazama akauliza.

“Ni fundi ameiharibu, bana,” nikasema, nikailaza chini.

Mbwa wa nyumbani akaja, akainusa, akaanza kuilamba kwa bidii. Mama Nafula akamtazama mbwa, kisha akanitazama mimi.

“Mwanangu,” akasema polepole, “ile samli yangu, kwani hukula?”